Geita, Hatukupati

Katikati ya miaka ya tisini nilifanya kazi Isaka, kwenye yadi ya kampuni ya malori, na kazi yangu ilikuwa kuzungumza na watu nisiowaona. Treni za mizigo zilileta makontena kutoka Dar es Salaam, zikayashusha kwetu, na malori yakayachukua kuyapeleka magharibi. Miaka ile kule mpakani kulikuwa na wakimbizi wengi, kwa hiyo mahindi na maharage yalipita Isaka kuliko kitu kingine chochote. Simu ya waya ilikuwa moja, stesheni, na mara nyingi haikufanya kazi. Kampuni ikaweka redio za upepo: moja makao makuu Shinyanga mjini, moja kwangu Isaka, moja kwenye stoo ya Geita, moja Buseresere ambako malori yalijaza mafuta, na nyingine ndani ya malori yenyewe.

Chumba changu kilikuwa kontena kuukuu lililokatwa dirisha. Ndani mlikuwa na meza, redio, betri ya lori na kiti cha mgeni. Kutumia redio ile hakukuwa na ugumu. Ukibonyeza kitufe unasema, ukimaliza unatamka "ova", ukiachia unasikiliza. Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja hakuna anayesikika, unabaki mluzi tu. Na chochote unachosema, kila mwenye redio ya kampuni anakisikia, awe Geita au awe dereva aliyekwama matopeni na hana la kufanya. Madereva waliniita Mama Redio. Mume wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, hakulipenda jina hilo mwanzoni, baadaye naye akawa ananiita hivyohivyo.

Nilijiunga na chama kipya kwa sababu ndogo. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na fundi cherehani aliyeshona sare za watoto wetu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la Isaka. Alikuja kontenani siku moja, akaketi kwenye kiti cha mgeni, akasema tawi linahitaji katibu.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Wewe umezoea kupokea ujumbe wa mtu na kuufikisha bila kuupunguza."

Nilikubali. Sikuwa na hasira na serikali kuliko watu wengine. Nilitaka kuona chama kinavyoendeshwa kwa ndani, na nafasi ilikuwa imenijia mlangoni.

Nilichokiona ndani kilikuwa mwenyekiti wa kanda. Kanda yetu ilianzia Shinyanga ikapita Tinde na Isaka, ikaenda Geita kwenye dhahabu, ikaishia Buseresere. Mwenyekiti aliishi Shinyanga mjini. Alikuwa afisa wa serikali mstaafu, mtu mrefu, mwenye suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi hadi mfukoni, na aliongoza vikao vya chama kipya kama alivyoongoza ofisi yake ya zamani. Alisoma ajenda, akaijibu mwenyewe, kisha akauliza kama kuna mwenye swali, akiwa ameshaanza kufunga mkoba. Hakuwa mtu mbaya. Mke wa fundi cherehani alipolazwa Shinyanga, mwenyekiti alimtembelea kila jioni. Kwenye kikao lakini alikuwa kikao kizima yeye peke yake.

Aliyemchoka kwanza alikuwa mama mmoja wa Geita. Mama huyu alinunua mchele upande wetu, akaupakia kwenye malori yanayorudi bila mzigo wa maana, akaenda kuuuza machimboni. Wachimbaji walimwita Mama Mchele, na ndio waliomchagua kuwa mwenyekiti wa tawi la Geita. Alikuwa Msukuma wa vijijini, Kiswahili alijifunzia ukubwani, na akichangamka herufi ya r ilipotea kabisa mdomoni mwake. Hakuona aibu. Alisema neno lake polepole, akalimaliza, ndipo akavuta pumzi.

Asubuhi moja alikuwa kontenani kwangu akisubiri lori. Tulikuwa tumeshasalimiana kwa Kisukuma na kuulizana habari za watoto. Nikaita Geita kuuliza kama stoo ina nafasi, Geita wakajibu, nikawaita Shinyanga kuwapa jibu. Yeye aliitazama redio kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "ina maana mtu aliyeko Geita anaweza kusema na Shinyanga sasa hivi hivi?"

"Anaweza."

"Na wa Shinyanga lazima wamsikie?"

"Wakiwa wamewasha, watamsikia."

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamsumbua. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kanda ulikuwa umekaribia, na yeye matawi ya machimboni yalikuwa yamemwomba agombee. Lakini mvua zilikuwa zimeanza. Ile mbuga ya udongo mweusi ikishiba maji, hakuna gari linalotoka Geita wala Buseresere kuja kwetu kwa wakati. Mwaka uliotangulia wajumbe wake walifika Shinyanga kikao kikiwa kimeshakwisha, wakakuta viti vinapangwa ukutani.

"Nilimwomba asogeze kikao mpaka njia zikauke," akasema. "Akanijibu kwamba katiba ya chama haijui mvua."

"Katiba haijui redio pia," nikamwambia. "Haikuikataza."

Wazo lilikuwa lake, nami nililitafutia njia. Kwanza nilimwendea bosi. Alikuwa mzee wa kofia ya darizi, mpole, aliyezaliwa Shinyanga na baba aliyezaliwa Shinyanga, na alikuja Isaka kila wiki kukagua yadi. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza. Alisikiliza huku akiangalia tairi za lori kupitia dirishani.

"Redio hii ina leseni ya mizigo," akasema. "Wakija kuniuliza, nitawaambia nini? Mimi nina marafiki kila chama, binti yangu. Sitaki kupata chama."

"Hatutataja jina la chama, mzee. Tutakuwa watu wanaochagua mwenyekiti wao."

"Madereva watasikia."

"Madereva wanasikia kila kitu."

Akacheka kidogo. Alikubali kwa masharti: iwe Jumamosi asubuhi baada ya madereva kuripoti, jina la chama lisitajwe, asitukanwe mtu, na lori likipata ajali kikao kisimame. Halafu akaongeza kwamba kwa upande wa Shinyanga tutalazimika kumwomba shemeji yake, kwa sababu redio ya pale ilikuwa mali yake kuliko ya kampuni.

Shemeji huyo, mjane wa kaka yake, nilimjua kwa sauti tu. Kila asubuhi saa mbili alikuwa wa kwanza kuniita. Alikaa nyuma ya duka lao la vipuri Shinyanga mjini, na alizungumza Kiswahili cha Shinyanga hasa, akachanganya Kisukuma bila kujua kama amechanganya. Nilipomwomba alijibu hewani mbele ya kanda nzima: "Waje tu. Ila wavue viatu, nimepaka sakafu rangi. Ova."

Barua ilitumwa kwa mwenyekiti wa kanda, iliyotiwa saini na matawi ya Geita, Buseresere na Isaka. Nilitarajia akatae. Alikubali upesi. Fundi cherehani, aliyempelekea barua mwenyewe, alisema mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama, akatabasamu, akasema chama cha kisasa lazima kitumie vyombo vya kisasa. Yeye mwenyewe angeongoza kikao kutoka Shinyanga.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Fundi alikuwa amekwenda Shinyanga jana yake kuwakilisha tawi letu, na wajumbe wa Tinde nao walifika, kwa kuwa barabara yao ilikuwa ya kupitika. Mimi nilibaki kuongoza mawasiliano. Madereva waliripoti mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amesimama Tinde na mbolea, gurudumu limepasuka. Mwingine alikuwa Buseresere anasubiri maji yapungue darajani. Nilipomaliza nao nikawaomba wakae kimya mpaka nitakapowaita tena, nikaita vituo.

"Geita, Geita, hapa Isaka. Mnanipata?"

"Isaka, tunakupata vizuli sana. Tuko hapa wengi, stoo imejaa. Ova," akajibu Mama Mchele.

"Buseresere?"

"Nakupata safi."

"Shinyanga?"

Ikajibu sauti ya mwenyekiti wa kanda, nzito, iliyopangwa. Alitukaribisha kana kwamba sisi ndio tulioingia chumbani kwake. Alieleza utaratibu: wagombea wawili, yeye na mama wa Geita, kila mmoja atasema kwa kifupi, kisha wajumbe watapiga kura. Mjumbe mmoja wa Shinyanga akaomba kusema. Alisema kura ya chama ni ya siri, na redioni hakuna siri, kila mtu atasikia nani kamchagua nani. Lilikuwa swali la haki. Mama Mchele alikuwa na jibu lake.

"Ndugu mjumbe, huko mliko mtapigaje? Mna sanduku?"

"Tutanyoosha mikono," akajibu yule mjumbe.

"Basi na sisi tunanyoosha midomo. Ova."

Nilisikia kicheko cha Geita, kisha Buseresere, kisha nikabonyeza kuwatuliza.

Mwenyekiti alisema kwanza. Alitaja umoja, nidhamu na uzoefu, na hakuna aliyemkatiza kwa sababu redio hairuhusu. Alipoachia kitufe nikaita Geita. Mama Mchele akaanza. Alisema matawi ya machimboni ndiyo yenye wanachama wengi kuliko yote, lakini maamuzi yanawafikia kama habari za msiba wa mbali, yakiwa yameshapita. Alisema hataki kubadilisha chama, anataka kikao kinachoitwa kikao kiwe na watu ndani. Alisema kwa dakika chache, polepole, kama kawaida yake. Nilimsikia kila neno. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la kontena, na bado nilimsikia.

Shinyanga wakajibu: "Geita, hatukupati. Mawimbi ni mabaya. Rudia."

Nikafikiri ni betri yao. Mama Mchele akarudia, akifupisha.

"Geita, hatukupati kabisa. Rudia kwa sauti."

Akarudia kwa sauti. Safari hii alikuwa karibu kupiga kelele, na sauti ya mtu anayepiga kelele huwa haina heshima hata maneno yakiwa ya heshima. Nilibonyeza nikasema, "Shinyanga, hapa Isaka, Geita anasikika vizuri. Naweza kurudia maneno yake nikitaka. Ova."

"Isaka, asante, kaa kimya," mwenyekiti akajibu. "Geita, labda tatizo ni matamshi. Kama hapo kuna mjumbe mwingine anayejua Kiswahili fasaha, aje aseme kwa niaba. Vinginevyo kikao kitaendelea na waliopo hapa."

Nilikaa na kipaza mkononi bila kubonyeza. Nilichokihisi hakikuwa hasira bado, nilikuwa najaribu kuelewa jinsi mtu anavyoweza kunisikia mimi, akamsikia Buseresere, na asimsikie huyu mmoja tu.

Aliyejibu ni dereva wa Tinde. Hakuwa mwanachama wetu, na baadaye niligundua kwamba alikuwa wa chama kingine kabisa.

"Mwenyekiti, shikamoo," alisema. "Samahani mimi ni dereva, niko Tinde ndani ya lori. Huyu mama namsikia kama vile amekaa kwenye boneti yangu. Kasema mara tatu. Kama husikii, sema husikii wewe. Usiseme hasikiki. Ova."

Na yule wa Buseresere akaingia: "Hata mimi nimempata. Mpeni nafasi yake."

Kilichotokea Shinyanga wakati huo nilisimuliwa na fundi cherehani jioni, aliposhuka garini na kuja moja kwa moja kontenani kwangu, suruali imelowa hadi magotini.

Alisema walipofika nyuma ya duka walivua viatu, wakakaa kwenye maboksi ya vipuri na viti vya kuazima. Mwenyekiti alikaa mbele ya redio. Kabla kikao hakijaanza, aliona hedifoni zikining'inia kwenye msumari. Yule mama mwenye redio, shemeji wa bosi, huzitumia duka likiwa na kelele. Mwenyekiti akamwomba, akasema akizivaa atapata maneno sawasawa na atawaeleza wajumbe kila linalosemwa. Akazivaa. Tangu hapo chumba kizima hakikusikia kitu, hata lile swali la sanduku lilipitia kwake. Walimsikia yeye tu. Alipokuwa anasema Geita hawapatikani, waliamini, wakatikisa vichwa, mmoja akasema ni mvua.

"Hata mimi niliamini," fundi akasema. "Nilikaa pale nikawahurumia."

Mama mwenye redio alikuwa dukani akimuuzia mtu feni belti. Aliposikia mara ya tatu kwamba Geita hawasikiki, alimwacha mteja, akaja akasimama mlangoni.

"Mawimbi gani mabaya?" akauliza. "Asubuhi nimezungumza na Isaka, iko safi kabisa. Redio yangu haina shida."

Mwenyekiti hakumsikia, au alionekana kutomsikia, hedifoni zikiwa masikioni. Alikuwa anatazama ukuta. Yule mama akapita katikati ya wajumbe akiwa amekusanya pindo za nguo yake mkononi, akafika mezani, akashika waya wa hedifoni, akauchomoa.

Sauti ya kwanza iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya dereva wa Tinde, akisema usiseme hasikiki. Ikafuata ya Buseresere. Kisha ikaja ya Mama Mchele, aliyekuwa hajui kama chumba kimefunguka. Hakuwa anapiga kelele tena. "Shinyanga," alisema, "kama hamtusikii, sisi tunaondoka, watu wameacha kazi zao. Lakini mseme tumekuja. Ova."

Fundi aliniambia hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa bado amevaa hedifoni zisizounganishwa na kitu, waya unaning'inia kifuani. Alizivua, akaziweka mezani taratibu, akabonyeza kitufe. Mimi nilikuwa nasikia sehemu hii mwenyewe.

"Kikao kimeahirishwa," alisema, "kwa sababu za kiufundi."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke, mbali na kipaza lakini wazi: "Sababu za kiufundi hazipo hapa."

Wiki zilizofuata chama kilikuwa na maneno mengi. Madereva waliibeba habari ile kila waliposimama kula, na watu ambao hawakuwa na haja na chama chetu waliijua kuliko wanachama. Vijana sokoni Isaka, mmoja angejiziba masikio kwa vidole, mwingine angesema "hatukupati," na wote wakaangua kicheko. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Kila niliposikia kicheko kile nilimwona mwenyekiti akienda hospitali kwa mke wa fundi na chupa ya uji.

Bosi alikuja, akakaa kwenye kiti cha mgeni. Alisema mtu wa serikali amemuuliza kwa upole kama siku hizi anasafirisha na siasa. Hakunilaumu. "Tumeshasaidia," alisema, "sasa basi." Kuanzia siku hiyo redio ikarudi kwenye mizigo, na mimi nikaliheshimu neno lake.

Mama Mchele alipokuja tena kuchukua mchele, nilimwuliza kama atakwenda Dar es Salaam kushitaki kwenye makao makuu ya chama, kama baadhi ya wajumbe walivyotaka.

"Nikashitaki nini? Kwamba hakunisikia? Atasema ni mvua." Alikuwa anashona mdomo wa gunia na sindano ndefu. "Nataka uchaguzi. Watu wote chumba kimoja, hata kama ni mwakani."

Haikuwa mwakani. Njia zilipokauka, matawi yote yakakubali kukutana Isaka, kwa kuwa ni katikati na kila lori linafika. Tulipewa darasa la shule ya msingi siku ya mapumziko. Wachimbaji walikuja nyuma ya lori la pamba, nywele zimejaa vumbi jekundu. Wajumbe wa Shinyanga walikuja kwa treni. Mwenyekiti wa kanda alikuja na suti yake ileile, akasalimia kila mtu kwa mkono, akiwemo Mama Mchele, aliyempa shikamoo na kuitikiwa. Safari hii kulikuwa na sanduku, kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Fundi cherehani ndiye aliyeongoza, kwa sababu wagombea hawakuruhusiwa kukaa mbele.

Mama Mchele alisema maneno yaleyale aliyosema redioni. Niliyatambua. Mwenyekiti naye akasema yake, lakini aliongeza jambo: kwamba kwenye kile kikao cha mvua hakutenda sawa, na wajumbe wajue hivyo kabla ya kupiga kura. Hakueleza zaidi. Wengine walipiga makofi, wengine walikaa mikono imekunjwa.

Kura zilihesabiwa mbele ya watu wote, karatasi ikinyanyuliwa juu kila mara. Mwenyekiti alishinda. Hakushinda kwa mbali, lakini alishinda, na hata miongoni mwa wale wa machimboni walikuwepo waliompigia. Mmoja aliniambia nje kwamba huyu mzee anajua kuzungumza na wakuu wa wilaya, na mama yao hajui.

Fundi alimwuliza Mama Mchele kama ana la kusema. Akasimama, akatengeneza kitenge.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Sasa nimeshindwa kweli. Ile ya kwanza sikushindwa wala sikushinda, nilikuwa nje tu." Akakaa. Mjumbe jirani yake akampa maji.

Jioni nilimkuta mwenyekiti stesheni akisubiri treni ya kurudi Shinyanga. Treni ilikuwa imechelewa. Nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula, nikapita mbele yake, akaniita. Aliniuliza habari za watoto, kisha akatazama makontena upande wa pili wa reli.

"Mama Redio," akasema, "wewe ulisikia yote siku ile."

"Nilisikia, mzee."

"Unajiuliza kwa nini, wakati ningeshinda tu."

Nilikuwa ninajiuliza hivyohivyo tangu mchana.

"Mimi nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote," alisema. "Niliteuliwa, nikahamishwa, nikapandishwa, nikastaafishwa. Hata huku kwenye chama niliwekwa na watu wa juu wakati kinaanza. Hakuna siku watu walikaa wakaulizwa kama wananitaka. Leo ndiyo ya kwanza. Nilikuwa sijui watasema nini." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Mtu akishajua hasikilizwi anapiga kelele. Mimi nilikuwa naogopa kusikiliza."

Nilimwambia pole, nikaona halikuwa neno lake, nikamwambia hongera. Akacheka, akasema yote mawili yanamfaa.

Aliiongoza kanda kwa miaka miwili mingine. Alibadilika kidogo, si sana. Vikao vilianza kufanyika kwa zamu, mara Tinde, mara Geita, na kwenye mwisho wa ajenda aliuliza swali kabla ya kugusa mkoba. Lakini alibaki mtu wa kujibu maswali mwenyewe, na wajumbe wengi walipenda iwe hivyo, kwa sababu iliwapunguzia kazi. Kisha viongozi wa juu Dar es Salaam wakagombana, wakagawana chama, na kanda yetu ikabaki na bendera isiyojulikana ni ya upande upi.

Mama Mchele aliacha uongozi kabla ya hapo. Kampuni kubwa za dhahabu zilikuwa zimeanza kuweka uzio, wachimbaji wadogo wakasogezwa, na wateja wake wakatawanyika. Akahamia Buseresere, akafungua duka. Nilipita pale mara moja na lori la kampuni. Alinipa soda ya moto, kwani friji yake ilikuwa imeharibika, tukazungumza habari za bei ya mpunga. Nilimwuliza kama bado ana kadi ya chama.

"Ninayo. Ila siku hizi niko kwenye kamati ya soko," akasema. "Huku tunachaguana kila mwaka, na tunagombana kweli." Alisema kwa uso wa mtu aliyepata kazi anayoipenda, kisha akageuka kumpimia mteja sukari.

Mimi mume wangu alihamishiwa Tabora mwishoni mwa miaka hiyo, na nikaacha kontena na ukatibu ndani ya mwezi mmoja. Tawi lilikuwa limebaki na wanachama wachache. Tulikutana kibarazani kwa fundi cherehani kumpata katibu mwingine, na walijitokeza wawili, mwanamke muuza samaki na kijana wa mizani ya malori. Fundi alisimamisha cherehani. Wagombea wakaombwa waende nyuma ya nyumba, wasione nani anamnyooshea nani mkono, na kutoka huko nyuma tukawasikia wanabishana ni nani kati yao anastahili. Tuliwasubiri wamalize kwanza.